Kabla hujatia sahihi fomu ya utafiti wa fibroidi

Dada mmoja wa Mbale ameniandikia wiki hii. Daktari amemwomba ajiunge na utafiti wa dawa ya fibroidi, yaani uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, na shangazi yake amemkataza: "Watakufanya panya wao." Dada yangu, mimi nimeshiriki utafiti wa namna hiyo hapa Kampala na sijutii. Ila kuna jambo linaniuma hadi leo, nitalisema.

Wakati ule hedhi ilikuwa inanimaliza. Nilivaa pedi mbili kwa pamoja kupanda taksi ya Wandegeya, na bado nilitandika leso kitini. Kiwango changu cha damu (hemoglobini) kilishuka hadi 7. Nyumbani wakasema nimerogwa, wakaniletea mumbwa, dawa ya mitishamba iliyofinyangwa kwa udongo, nikanywa. Uvimbe haukusikia mumbwa. Fibroidi si saratani, ni uvimbe wa misuli ya mfuko wa uzazi, na sisi wanawake weusi hutupata mapema zaidi na kwa ukubwa zaidi kuliko wazungu. Kama dawa zitajaribiwa kwa wengine tu, sisi tutatibiwa kwa kubahatisha. Ndiyo maana nilikubali.

Nilipewa karatasi yenye picha za pedi tatu: iliyolowa kidogo, ya wastani, na iliyojaa. Kila ukibadili unaandika: kidogo 1, wastani 5, iliyojaa 20. Mabonge ya damu yana alama zake pia. Jumla ikizidi 100 kwa hedhi moja, hiyo ni damu nyingi kupita kiasi. Niliibandika nyuma ya mlango wa choo, kalamu ikining'inia kwa uzi. Mwezi wa kwanza nilipita 300! Miaka yote nilikuwa nikiwaambia madaktari "natoka damu nyingi", wanaitikia tu na kuniandikia vidonge vya kuongeza damu. Siku nilipoiweka karatasi ile mezani, daktari aliacha kuandika akanitazama. Hata usipojiunga na utafiti wowote, chora karatasi hiyo leo.

Tafiti zina faida, tusidanganyane. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya majaribio mawili ya kidonge cha fibroidi, relugolix iliyochanganywa na homoni: karibu wanawake 7 kati ya 10 walipungukiwa sana na damu, lakini kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa hawakufika hata 2 kati ya 10. Dawa nyingine, ulipristal, Ulaya waliiwekea masharti makali mwaka 2020 kwa sababu ya madhara kwenye ini. Kwa hiyo uliza: ini langu litapimwa lini na lini? Nikiangukia kundi la kidonge kitupu na damu ikizidi, nani atanitibu?

Fomu ya ridhaa iwe kwa lugha unayoielewa, na nakala ubaki nayo. Tafuta muhuri wa kamati ya maadili na tarehe yake. Utafiti uwe umesajiliwa UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia hapa Uganda, na ikiwa ni jaribio la dawa, NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, iwe imeruhusu. Namba ya simu ya kamati iwepo. Usione haya kuuliza, dada, mwili ni wako!

Sasa linaloniuma. Utafiti ulipoisha, simu zilikatika. Watu waliokuwa wakinipigia kunikumbusha kila miadi hawakunipigia hata kuniambia nilikuwa kundi lipi. Walichukua damu yangu, wakachukua siri za chooni kwangu mwezi baada ya mwezi, halafu kimya. Mshiriki si shamba la kuvuna na kuondoka. Kwa hiyo, kabla ya sahihi, wakuandikie: matokeo nitaambiwa na nani, na dawa ikinifaa, nitaendelea kuipata?

Nenda na shangazi yako, naye aulize yake. Wakikwepa maswali, rudini nyumbani. Na hata ukishatia sahihi, unaruhusiwa kujitoa siku yoyote, bila kueleza sababu na bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.