Dai la tohara kukataliwa: tatizo ni Z41.2

Ndugu, bima ya Marekani imekataa dai la tohara ya mtoto wa miaka 7 kwa sababu umeweka Z41.2. Katika ICD-10-CM, orodha ya Marekani ya misimbo ya magonjwa na sababu za matibabu, huo ni msimbo wa tohara ya kawaida au ya kimila, pasipo ugonjwa. Daktari wako ameandika kuwa govi limebana na huvimba mara kwa mara, kwa hiyo anza na N47.1, fimosisi (govi lililobana lisilorudi nyuma). Ongeza N47.6 ikiwa ameandika kwamba govi na kichwa cha uume vyote vina uvimbe. Kidudu kikijulikana, fuatisha msimbo wake kutoka B95 hadi B97. N48.1 ni kichwa peke yake, usiiweke pamoja na N47.6. N47.0 ni ya mtoto mchanga tu. Na tafadhali usichanganye na N47.2: hapo govi limevutwa nyuma likakwama, na ni dharura.

Msimbo wa upasuaji (CPT, orodha ya huduma za matibabu) ni 54161, kwa kuwa mtoto amepita umri wa siku 28.

Lakini msimbo sahihi bila maelezo bado utarudishwa, maana govi kutofunguka kwa mtoto mdogo mara nyingi ni hali ya kawaida. Faili lionyeshe govi linarudi nyuma kiasi gani, kama kuna kovu, maumivu ya kukojoa, tarehe za kila uvimbe, na krimu ya steroidi iliyotumika, kwa muda gani na kwa matokeo gani. Kovu jeupe, gumu? Muulize daktari kwa maandishi kama ni ugonjwa wa N48.0 (lichen sclerosus, ugonjwa wa ngozi unaoacha makovu meupe). Usikisie mwenyewe.