Mbona Azam na Mo siwaoni kwenye soko la hisa?

Toleo hili nimechukua maswali manne tu, la kwanza limenifanya niandike sana na sikutaka kulikata.

SWALI: Shikamoo dada. Nina duka la jumla Mbagala Rangi Tatu. Kila wiki nashusha unga wa Azam, juisi, maji, na jioni nyumbani watoto wanaangalia mpira Azam TV. Nikajisemea hawa watu nawapa hela miaka yote hii, kwanini na mimi nisiwe na kipande changu pale? Nikaingia Hisa Kiganjani, ile app ya soko la hisa, nikatafuta juu mpaka chini, CRDB ipo, NMB ipo, Twiga ipo, wao hawapo. Mo naye hayupo. Wametuficha au mimi ndo sijui kutafuta?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umetafuta vizuri tu, hazipo, na wala hujafichwa kitu. Kampuni za Bakhresa, wenye Azam, ni za familia, MeTL ya kina Mo Dewji vilevile, na hakuna sheria inayomwambia mfanyabiashara kwamba ukishakuwa mkubwa sana lazima uende soko la hisa. Sokoni mtu anaenda kwa kupenda, na mara nyingi anaenda kwa sababu anatafuta mtaji, anakata kipande cha kampuni anawauzia watu halafu hela ile anajengea kiwanda. Sasa mzee Said Salim Bakhresa alianza na mgahawa mdogo hapa hapa Dar miaka ya 1970, na biashara ikishafika pale ilipofika leo benki zenyewe ndo zinakufuata ofisini. Mtu asiye na shida na hela yako hana sababu ya kukukaribisha kwenye kampuni yake, na nasema hivyo bila ubaya wowote, hata wewe duka lako likikutosha huwezi kumuita jirani aje awe mwenzio.

Miongoni mwa waliowahi kulazimishwa ni wa mitandao ya simu. Sheria ikabadilishwa 2016 kwamba wauze asilimia 25 kwa umma, ndo Vodacom wakaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017, hisa moja shilingi 850, wakakusanya bilioni 476. Baadaye bei ilishuka chini ya hiyo 850 na ikakaa huko muda mrefu, kwahiyo usidhani kila kinachoingia sokoni kinakutajirisha.

Nilifanya kazi miaka sita kwenye ofisi ya dalali wa hisa pale Posta. Siku moja akaingia bibi mmoja kutoka Kigogo, akakaa, akafungua fundo la kanga polepole, ndani kulikuwa na cheti cha hisa za bia kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika, alinunua wakati zinauzwa kwa wananchi na hakuwahi kukigusa tena. Mjukuu alikuwa anatakiwa chuo. Tulimwangalizia bei ya siku ile, akauza nusu, nusu akairudisha kwenye fundo. Hicho ndicho soko linachokupa, bei inayoonekana na mtu wa kununua unapokuwa na shida. Angekuwa na hisa za kampuni ya familia bibi yule angemuuzia nani? Angewaomba wanafamilia wenzake, wao wapange bei, na wakisema hatuna hela anarudi na fundo lake.

Na hili limewakuta watu wakubwa mno. Kuna kampuni ya Marekani inaitwa Cargill, ilianza 1865 na ghala moja la nafaka huko Iowa, leo inafanya biashara ya nafaka, nyama, mafuta ya kula karibu dunia nzima, mwaka wake wa hesabu ulioishia 2024 mauzo yalikuwa dola bilioni 160, na bado sehemu kubwa ni ya ukoo ule ule, huikuti soko lolote. Mjukuu mmoja wa mwanzilishi, Margaret Cargill, alifariki 2006 akaacha fungu lake kubwa la hisa liende kwenye taasisi za hisani. Sasa hisani inataka hela ya kugawa, haitaki karatasi isiyouzika! Ikawa ama kampuni iende sokoni ili hisa zile zipate mnunuzi, ama familia itafute njia nyingine. Cargill walikuwa na asilimia 64 ya Mosaic, kampuni ya mbolea ambayo yenyewe iko sokoni, thamani yake kama dola bilioni 24 kwa bei ya wakati ule. Mwaka 2011 wakazitoa hisa zile za Mosaic, sehemu kubwa ikabadilishwa na hisa za Cargill za wanahisa wake zikiwemo zile taasisi, nyingine zikalipa madeni. Yaani waliachia mali ya bilioni 24 ili tu wabaki nje ya soko. Mimi nikikumbuka hilo naelewa kwamba kwa watu hawa kukaa nje ni kitu cha thamani kabisa, wanakilipia.

Wanapata nini? Kwanza siri za biashara. Aliye sokoni anachapisha hesabu zake kila mara na mshindani anazisoma akiwa na chai mkononi, anajua umepata kiasi gani na umepungukiwa wapi. Pili muda. Kinu cha unga unakijenga leo, faida ya maana unaiona baada ya miaka, mwenye hisa wa sokoni yeye anauliza gawio, fungu lake la faida, la mwaka huu liko wapi. Tatu, hakuna atakayekuja kuwanunua kwa nguvu wakiwa wamelala.

Tena mwanao akitafuna bigijii ujue hadithi hii iko mdomoni mwake. Jina limetokana na Big G ya Wrigley waliokuwa wanaitengeneza Nairobi, Wrigley ilikuwa kampuni ya sokoni kule Marekani, mwaka 2008 ikanunuliwa na Mars kwa dola bilioni 23 hivi na ikatoka sokoni. Mars ndo wenye Snickers na M&M's, ni ya familia tangu 1911. Wasiokuwa sokoni wakamnunua aliyekuwa sokoni.

Kwahiyo mdogo wangu kipande chako kwa Azam kitabaki kuwa faida ya mfuko unaouza, labda familia ibadilishe mawazo siku moja. Ukitaka hisa angalia dukani kwako, sigara unazouza ni za TCC, bia ya mwenye baa jirani yako ni TBL, saruji ya fundi ni Twiga, wote hao wamo kwenye hiyo hiyo app uliyofungua.

SWALI: Habari ya kazi. Niko Kisauni, Mombasa. Marehemu baba alikuwa na hisa za Bamburi, kampuni ya saruji, tangu zamani, zimeandikwa jina lake. Tunasikia Bamburi imechukuliwa na Watanzania. Hisa zetu zimepotea?

JIBU: Poleni kwa msiba ndugu yangu. Hazijapotea, zinageuka pesa. Aliyenunua ni Amsons, kampuni ya familia kutoka huku kwetu, wale wenye mafuta na saruji ya Camel, na kabla ya hapo walishachukua Mbeya Cement wanaotengeneza Tembo. Mwaka 2024 walitoa ofa ya shilingi 65 za Kenya kwa kila hisa ya Bamburi, na mpaka Disemba wenye hisa zaidi ya asilimia 96 walikuwa wamekubali. Mnunuzi akishapita asilimia 90 sheria inamruhusu kuzichukua na zile zilizobaki kwa bei ile ile, hata za mtu ambaye hakujibu barua.

Shida yenu itakuwa jina la marehemu. Kama hamjafungua mirathi mahakamani fungueni sasa, mkishapata hati ya usimamizi nendeni nayo kwa msajili wa hisa wa Bamburi pamoja na cheti cha kifo na namba ya hisa au cheti chenyewe kama mzee alikitunza. Angalieni kwenye masanduku, kwenye Msahafu, chini ya godoro, wazee wetu walikuwa wanaweka huko. Na mkichelewa miaka mingi pesa ya namna hii inaishia UFAA, ile mamlaka ya Kenya inayoshika mali ambazo wenyewe hawajajitokeza, kule pia inadaiwa na inalipwa ila safari inakuwa ndefu. Mimi roho iliniuma kidogo kuona jina kubwa kama hilo linaingia mikononi mwa familia, japo ni familia ya nyumbani, maana mwananchi wa kawaida wa pwani alikuwa anaweza kununua hisa mia zake za Bamburi na akawaachia wanawe, kama alivyofanya baba yenu.

SWALI: Mimi ni mama mfugaji wa kuku, Arusha. Napeleka mayai supamaketi moja ya watu binafsi. Zamani walinilipa baada ya siku 30, ikawa 60, sasa ni mwezi wa nne. Nikiuliza naambiwa kampuni iko vizuri. Nitajuaje kama kweli wako vizuri wakati hesabu zao hazionekani popote?

JIBU: Mama yangu, umeuliza swali lenye uzito kuliko yote haya. Hesabu zao TRA wanaziona, benki inayowakopesha inaziona, wewe unayewakopesha mayai huzioni, na kumbe na wewe ni mkopeshaji kama benki.

Nakumatt unaikumbuka, ilifika mpaka hapo Arusha ilipochukua duka la Shoprite 2014. Ilikuwa ya familia, ilianzia kwenye magodoro Nakuru na jina likatoka huko, ikawa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Nje taa zinawaka, ndani madeni yamefika zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Nani aliona mwanzo? Walioona ni wa mayai kama wewe, wa maziwa, wa mikate, waliokuwa wanaambiwa njoo wiki ijayo, halafu shelfu zikaanza kubaki wazi, wanasogeza bidhaa mbele ili pasionekane patupu. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Haki itendeke, Uchumi yenyewe ilikuwa sokoni Nairobi na bado ilianguka, na hesabu zake zikaja kuonekana zilipakwa rangi, kwahiyo soko siyo dawa ya kila ugonjwa. Lakini pale angalau kuna karatasi ya kushika na mamlaka ya kuuliza.

Wewe soma dalili ulizonazo. Siku 30 kuwa 120 ndiyo hesabu yao, imeandikwa kwenye kitabu chako cha mauzo. Punguza mzigo kuanzia wiki hii, peleka kiasi ambacho kikipotea hakikuuzii banda, na kila trei inayoingia isainiwe delivari na mtu mwenye jina na muhuri. Dai la zamani waandikie barua, nakala ibaki kwako. BRELA, wanakosajili kampuni, unaweza kulipia ukaangalia wakurugenzi na wanahisa ni akina nani, na kama mali za kampuni zimewekwa rehani benki, maana kama zimewekwa basi siku ya kuanguka benki itakula kwanza na wewe utapanga foleni nyuma. Kuku wanakula kila siku mama, hawasubiri miezi minne.

SWALI: Dada nimeingizwa grupu la WhatsApp, wanauza "hisa za awali" za kampuni moja kubwa ya familia hapa nchini, wanasema itaingia sokoni mwakani na bei itapanda mara tano. Kiingilio laki mbili, nimeshatuma laki. Niongeze?

JIBU: Usitume hata mia. Kampuni binafsi kwa sheria yetu haitakiwi kuualika umma kununua hisa zake, na wanachama wake mwisho ni 50 ukiacha wafanyakazi, sasa hilo grupu lina watu wangapi? Inayotaka kuuzia umma inapeleka waraka wa matarajio, yaani maelezo ya kampuni na hisa inazouza, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ukipitishwa unatangazwa, na unanunua kupitia dalali mwenye leseni au benki, hutumi kwenye namba ya simu ya mtu. Piga picha za meseji zote kabla hawajakutoa grupu, chukua na ujumbe wa muamala wa ile laki, wapigie mtandao uliotumia waombe kuuzuia, halafu nenda polisi leo hii na simu yako mkononi.