Jifunze kukohoa kabla ya upasuaji

Mama alipopangiwa upasuaji wa saratani ya tumbo, sisi wanawe tulihangaikia damu, pesa na nani angelala naye wodini. Mapafu hayakumjia mtu kichwani, mpaka dada mmoja wa fizio, yaani tiba ya mazoezi ya mwili, alipompa kidude cha plastiki chenye vipira vitatu. "Mama, vuta."

Mama akapuliza. Akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na vipira vimetulia tuli. Ilibidi aambiwe afanye kama anayenyonya soda kwa mrija ndipo kipira cha kwanza kilipopanda. Akacheka, kikaanguka.

Sababu yenyewe si ngumu. Mtu akiwa kwenye dawa ya usingizi, sehemu za chini za mapafu husinyaa na makohozi hutuama. Akizinduka, mshono unauma, kwa hiyo anapumua juu juu na kukohoa anaogopa. Nimonia hupitia hapo. Na Mama alikuwa amepikia kuni karibu maisha yake yote.

Mimi nilidhani mambo haya yangengoja baada ya upasuaji. Kumbe mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Australia na New Zealand, wagonjwa 441 wa upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo. Wote walipewa kijitabu cha maelezo, ila kabla ya upasuaji nusu yao walikaa pia na mtaalamu wa fizio kwa dakika 30, akawaelekeza. Kwa hao, matatizo ya mapafu yalipungua kwa nusu. Dakika 30 tu! Foleni ya kadi peke yake inazidi hapo.

Nyumbani tulifanya asubuhi, mchana na jioni. Anakaa wima, anavuta polepole, anashikilia huku nahesabu hadi tatu, anaachia. Mara kumi, ila katikati apumzike; siku ya kwanza alifululiza akashikwa na kizunguzungu. Kama huna kidude, weka mkono tumboni, vuta kwa pua mpaka mkono uinuke, kisha toa taratibu kama unayepoza chai. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amuulize daktari wake kwanza. Mvuta sigara aache leo, asingoje apangiwe tarehe.

Kukohoa nako kuna ufundi. Tulichukua mto mdogo tukauzungushia khanga. Unaukumbatia pale mshono utakapokuwa, unaubana, unakohoa kwa nguvu mara mbili. Jioni sebuleni wajukuu walikuwa wakimwiga, kila mmoja na mto wake, na Mama anawakemea kwamba hawabani vizuri.

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji alifumbua macho, bado ana usingizi mzito. Nilidhani ataomba maji. Mkono ukawa unapapasa shukani.

"Mto wangu mmeupeleka wapi?"