Fidibaki Inayotii: Pedali, Hatua Zako na Mkono Unaozima Nyuzi

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wapiga gitaa wenzangu ni hili: ninunue pedali gani (kile kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa) ili nipate ile noti inayolia bila kukatika, inayopanda yenyewe baada ya kupigwa mara moja? Jibu langu huwa haliwaridhishi. Pedali uliyonayo huenda inatosha. Kinachokosekana mara nyingi ni kupunguza: kupunguza trebo (makali ya juu ya sauti), kupunguza geini (kiasi cha kukuza ishara), kuzima nyuzi usizozipiga, hadi ibaki noti moja tu yenye nafasi ya kulia. Anayeongeza kila kitu kwa pamoja anapata makelele, kwa sababu kila uzi, kila kona ya chumba na kila koili ndani ya gitaa inataka kulia kwa wakati mmoja.

Tuanze na kinachotokea. Ukipiga uzi, pikapu inaugeuza mtetemo wake kuwa umeme, umeme unapita kwenye pedali na kuingia kwenye amplifaya, spika inasukuma hewa, na hewa hiyo inarudi kuligonga gitaa na kuutetemesha uzi uleule. Ni duara, na mlio unaozaliwa nalo ndio fidibaki. Wanasayansi huliita athari ya Larsen, kwa jina la mwanafizikia wa Denmark, Søren Absalon Larsen. Ili noti isife, mambo mawili lazima yatimie: nguvu inayorudi iwe sawa na ile inayopotea au iizidi, na wimbi lirudi kwa wakati wake. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma anapoanza kuondoka, anazidi kupanda. Ukimsukuma huku bado anakujia, unamzuia. Sharti la kwanza ni kazi ya pedali. La pili ni kazi ya miguu yako, na huko wengi hawafiki kabisa.

Pedali ya distosheni au ya fazi, yaani ile inayoikwaruza sauti, inakuza sana ishara dhaifu, ilhali ishara yenye nguvu hukatwa ncha inapofika kikomo. Mtetemo mdogo unaobaki kwenye uzi baada ya sekunde kadhaa, ambao kwa sauti safi usingeusikia, unatoka kwenye pedali ukiwa karibu na ukubwa wa noti ilipopigwa. Kwa hiyo duara linaanza kuzunguka hata kama amplifaya haijafunguliwa sana, na likishaanza, kile kikomo kinalizuia lisikue ovyo. Kompresa inafanya kazi inayofanana na hiyo bila kuikwaruza sauti. Mpangilio wangu basi ni kompresa kwanza, kwa kiasi, kisha distosheni, kisha ikwalaiza (ya kupandisha au kushusha masafa fulani ya sauti), na mwisho pedali ya volyumu. Geini ya distosheni siifungui yote. Naipandisha mpaka noti iweze kudumu, halafu nairudisha nyuma kidogo, ili isianze kulia kabla sijaitaka. Kama una noizi geti kwenye mnyororo, izime. Inasubiri sauti ishuke ndipo ifunge mlango, na fidibaki nzuri huzaliwa hasa wakati huo sauti inaposhuka.

Ikwalaiza haitajwi vya kutosha katika mazungumzo haya, na kwangu ndiyo pedali ya kwanza kuiongeza ukishapata distosheni. Chukua Boss GE-7 kama mfano: ina vidhibiti saba vya masafa, kuanzia 100 Hz hadi 6.4 kHz, na kila kimoja kinaweza kupandisha au kushusha desibeli 15. Vile vya 3.2 kHz na 6.4 kHz navishusha bila huruma, kwa kuwa huko ndiko unakotokea ule mluzi mkali unaowafanya watu wazibe masikio. Kisha naangalia noti ninayoitaka. Tuseme ni E ya uzi wa G, freti ya 9. Hiyo ni takriban 330 Hz, na oktava yake, noti ileile lakini ya juu zaidi, iko karibu 660 Hz. Nikitaka noti yenyewe izidi, napandisha kidogo 400. Nikitaka oktava ichomoze juu yake, napandisha 800. Kidogo tu, desibeli tatu au nne zinatosha kuipa noti moja upendeleo juu ya nyingine. Pikapu ya shingoni nayo inasaidia, kwa sababu inalainisha makali na kuiacha noti ya msingi isikike kwa unene wake.

Sasa miguu. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde. Ukigawanya kwa 660 unapata wimbi lenye urefu wa karibu sentimita 52. Maana yake ni kwamba ukisogea sentimita 26 tu kutoka kwenye spika, wimbi lililokuwa likiusukuma uzi linaweza kuanza kuupinga. Kwa ile noti ya msingi ya 330 Hz, umbali huo ni mara mbili yake, kama nusu mita. Ndiyo sababu hatua moja ya kawaida inaweza kuihamisha fidibaki kutoka noti ya msingi hadi oktava, au kuiua kabisa, bila wewe kugusa nobu (kitufe cha kuzungusha) yoyote. Kuta na sakafu nazo zinarudisha mawimbi, hivyo hesabu hii haitakupa sehemu kamili ya kusimama. Inakupa kipimo cha kutafuta: sogea kwa upana wa kiganja, si kwa hatua za askari. Mpiga gitaa Robert Fripp, alipokuwa akirekodi gitaa la wimbo “Heroes” wa David Bowie mwaka 1977, aliwekewa alama sakafuni za mahali pa kusimama kwa kila noti. Mimi nafanya vivyo hivyo kwa vipande vya tepu ya karatasi, na ninawashauri wote wanaofanya mazoezi mahali pamoja kila wiki wafanye hivyo. Kuna watu wanaodhani kipaji ndicho kinachotafuta noti. Kwa kiasi kikubwa ni sakafu.

Nieleze jinsi inavyohisi, kwa kuwa hili haliandikwi kwenye karatasi ya maelekezo inayokuja na pedali. Nasimama nikiielekea spika, pikapu zikiitazama, napiga ile E mara moja na kuanza kuutikisa uzi polepole kwa kidole. Mguso wa piki unapotea kwanza. Noti inashuka, inakonda, na kwa muda mfupi unadhani imekwisha. Halafu kidole gumba nyuma ya shingo kinaanza kuhisi mtetemo ambao hukuuanzisha wewe, mdogo lakini wa mfululizo. Hapo usiongeze chochote. Tulia na utikise uzi kwa mwendo uleule. Noti inajaa tena, na kando yake inatokea oktava, mwanzoni kama filimbi iliyo mbali, kisha inachukua nafasi yote. Ukigeuza kiuno kidogo kuelekea pembeni inarudi nyuma. Ukiirudia spika inapanda. Mtu akishaupata mtetemo huo kwenye gumba hata mara chache, ataujua kila utakapokuja, na ataweza kuusubiri badala ya kuukimbiza kwa nobu.

Wakati huo mkono mwingine una kazi nzito kuliko inavyoonekana. Upande wa kiganja cha kulia unalala juu ya nyuzi nene, hasa E ya chini, kwa sababu ikiachwa wazi itaanza kuvuma kwa 82 Hz na kuimeza noti yako. Nyuzi nyembamba zilizo chini ya unayoipiga zinazimwa na tumbo la kidole cha shahada cha kushoto, kwa kugusa tu bila kubana. Uzi mmoja ndio ulio huru. Ukifanya mazoezi ya jambo moja tu kutoka makala hii, fanya hili, na lifanye amplifaya ikiwa imezimwa, polepole, mpaka mikono ijipange yenyewe.

Kuikata fidibaki nako kunahitaji mpango. Ikiwa nataka iishe taratibu, nashusha pedali ya volyumu kwa kisigino huku nikiendelea kuutikisa uzi, ili noti iondoke ikiwa bado hai. Nikitaka ukimya wa ghafla, viganja vyote viwili vinaangukia nyuzi na mguu unazima distosheni kwa wakati mmoja. Ukizima nyuzi peke yake huku geini iko juu, utasikia mikwaruzo ya vidole ikikuzwa, na mara nyingi mluzi utaichukua nafasi ya noti.

Mluzi huo una kipimo rahisi. Shika nyuzi zote kwa nguvu. Sauti ikikoma, ilikuwa inatoka kwenye nyuzi, na hiyo ndiyo fidibaki unayoweza kuicheza. Ikiendelea, nyuzi hazihusiki. Ni koili za pikapu zinazotetema ndani kama maikrofoni. Hakuna ufundi wa mkono utakaoituliza. Punguza trebo na geini, sogea mbali, na kama tatizo ni la kudumu mpelekee fundi wa magitaa azamishe pikapu kwenye nta, ambayo inazishika nyaya zisitikisike. Gitaa lenye mwili ulio mtupu ndani lina shida nyingine, ya mvumo mzito wa chini unaotoka kwenye mwili wenyewe. Kwa hilo shusha 100 na 200 Hz, na wapo wanaoziba matundu yake ya sauti kwa sifongo. Inasaidia kweli.

Zipo pia pedali zilizotengenezwa kwa kazi hii pekee. Boss ilitoa DF-2 katika miaka ya 1980, ambayo ukiikanyaga bila kuachia inazalisha mlio unaofuata noti yako. Siku hizi DigiTech FreqOut ndiyo inayojulikana zaidi. Unachagua hamoniki (sauti ya juu inayozaliwa na noti) itakayochomoza, unachagua itachukua muda gani kuingia, na inafanya kazi hata ukisikilizia kwenye hedifoni. Kwa mtu anayeishi na majirani nyuma ya ukuta, au anayepiga jukwaani bila amplifaya yoyote, naipendekeza kwa moyo wote. Ila iweke iingie polepole. Ikiingia papo hapo, sikio linatambua kuwa kuna mashine, kwa sababu fidibaki ya hewani huwa inasita kwanza. Iweke kwenye hali ya kukanyaga na kuachia, na uitumie kwa noti moja moja, kwa kuwa kodi nzima, noti kadhaa kwa pamoja, humchanganya yeyote anayejaribu kuifuata, iwe pedali au msikilizaji. Kitu kimoja haitakupa: haijui umesogea. Nikiwa na amplifaya na ruhusa ya kuifungua, nachagua hewa.

Dilei, pedali inayoirudia sauti baada ya muda, ni mnyama mwingine. Nobu yake inayoongeza marudio, ikipitishwa kiwango fulani, kila mrudio unatoka mkubwa kuliko uliotangulia na pedali inaanza kulia yenyewe hata gitaa likichomolewa. Duara hapo liko ndani ya pedali, hivyo mikono yako juu ya nyuzi haina la kufanya. Dawa ni kuweka pedali ya volyumu baada ya dilei. Ukiiweka kabla, unaziba mlango ambao moto umeshapita. Kwenye dilei za analogi, kuzungusha nobu ya muda wakati inalia kunapandisha na kushusha noti yote, na mimi hupenda kuichanganya kwa kiasi kidogo chini ya noti inayolia hewani.

Kuhusu masikio sina maneno ya kuremba. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka zinaukata muda huo nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Kusimama mbele ya spika ukitafuta noti kunakula dakika hizo upesi, kwa hiyo mimi huvaa vizibo vya masikio vya wanamuziki kila mara. Na ukihitaji kupunguza sauti bila kupoteza fidibaki, egemeza kichwa cha gitaa kwenye boksi la amplifaya. Mtetemo unapita kwenye mbao moja kwa moja, na noti inaweza kuamka kwa sauti ambayo hewani isingetosha.

Jukwaani, tafuta sehemu zako wakati wa kupima mitambo, kisha zihakiki tena ukumbi ukijaa, kwa kuwa miili ya watu inameza mawimbi yaliyokuwa yakirudi kutoka ukutani. Zungumza pia na fundi mitambo mapema. Mwombe aliondoe gitaa lako kwenye monita, ile spika inayokurudishia sauti, iliyo mbele yako, au alishushe sana. Monita ikilirudisha gitaa kutoka upande mwingine, unakuwa katikati ya maduara mawili yanayoshindana, na alama zako zote za sakafuni zinakosa maana.