Zabibu Hazimsubiri Bosi

Nasimamia mapokezi ya zabibu kwenye kiwanda kidogo nje kidogo ya mji wa Dodoma. Vijana waliopandishwa cheo juzijuzi hunijia na swali lile lile: nifanyeje watu wangu wajitume bila kuwasukuma? Nadhani wanategemea niwaambie habari za semina, fulana za timu na kuku choma wa mwisho wa mwezi. Mimi huwauliza: mtu wako anaweza kuamua nini bila kukupigia simu? Hapo wengi huanza kujikuna kichwa.

Huku kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kwanza, kuanzia Februari, yanaangukia kwenye mvua: tunda linanywa maji, sukari inashuka, ukungu unaingia kwenye vichala. Ya pili, Agosti na Septemba, yanakuja kiangazi, sukari inapanda vizuri lakini jua halina huruma. Msimu wowote ule, mzigo uliokatwa alfajiri Hombolo au Mpunguzi ukikaa kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, hadi saa nane mchana, vichala vya chini vinapondeka, maji yanachuruzika, nyuki wanajaa na uchachu unaanza humo humo kwenye kreti. Mkulima amekaa kwenye kivuli cha gari anakutazama. Hapo ndipo unapoona timu ni ya namna gani.

Mahali nilipofanya kazi kabla ya hapa, kila mzigo ulipita mikononi mwa meneja. Kipima sukari kilikaa kwenye droo yake, na droo ilifungwa kwa ufunguo. Akienda kikaoni mjini, magari yanapanga foleni. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba majibu yalikuwepo pale pale. Dada wa mzani alikuwa akitazama vikonyo na kuonja tunda moja, anajua mzigo utapita au hautapita. Ila hakuulizwa, na mtu asiyeulizwa mwaka mzima huacha hata kutazama. Baadaye meneja huyo huyo alilalamika kwamba wafanyakazi wake hawana ubunifu.

Nilipopewa timu hapa tulianza na karatasi moja. Tulikaa wote, wa mzani, wa maabara, wapakuaji na mzee wa geti, tukaandika mipaka. Sukari asilimia 18 na kuendelea, pokea kwa bei kamili. Kati ya 16 na 18, pokea kwa bei ya daraja la pili kama mkulima ameridhia. Chini ya hapo, mrudishe kwa heshima na umweleze sababu. Ukungu ukionekana kwenye kreti, hiyo kreti iwekwe pembeni, usikatae gari zima. Anayeamua ni aliyeko zamu. Mimi nipigiwe simu kwa mambo mawili tu: mtu ameumia, au mkulima na mpimaji wameshindwa kabisa kuelewana.

Kipima sukari nikakitoa kwenye kabati kikawa cha zamu. Ukitazama kijana anavyokitumia utaelewa kwa nini. Asubuhi anadondosha tone la maji safi kwenye kioo, anahakikisha kinasoma sifuri. Mzigo ukifika anachuma punje huku na huku, juu ya kichala na chini yake, maana za juu huwa tamu zaidi. Anazikamua, anadondosha juisi, anakielekeza kwenye mwanga. Kisha, na hili alilibuni mwenyewe, anampa mkulima asome. “Mama, hebu chungulia, mstari umeishia wapi?” Mama anasoma 17. Ugomvi wa bei umekwisha kabla haujaanza. Sikumfundisha mimi, na sidhani angelibuni kama kifaa kingekuwa kwenye droo yangu.

Pamoja na mipaka weka fedha. Mtu mwenye mamlaka asiye na hata nauli ya kutuma kitu mjini hana mamlaka. Kiongozi wa zamu anakaa na shilingi 50,000 za dharura: mafuta ya jenereta umeme ukikatika, kuziba pancha ya toroli, chochote cha kufanya kazi isisimame. Analeta risiti, basi. Mhasibu alikuja juu mwanzoni. Amezoea.

Nchi hii ina historia yake kwenye jambo hili. Mwaka 1972 serikali ilitangaza Madaraka Mikoani, na maofisa wengi wakapelekwa mikoani kutoka makao makuu. Wakati huo huo mamlaka za serikali za mitaa, ambako wananchi walikuwa na sauti, zikavunjwa, hadi sheria za mwaka 1982 zilipozirudisha. Siwezi kuwahukumu waliopanga yale, mazingira yao yalikuwa magumu. Lakini kila nikimwona bosi anatangaza “nimewakabidhi kazi” huku kila karatasi inarudi kwake kusainiwa, naikumbuka 1972.

Sasa, siku mtu wako atakapoamua vibaya. Itafika, na timu nzima itakuwa inakutazama wewe. Kwetu ilifika mwezi Machi. Kijana alipokea gari zima kwa bei kamili; kreti za juu zilikuwa safi, za chini zimeoza. Hasara haikuwa ndogo. Juu kukaja agizo kwamba akatwe mshahara, na wale waliokuwa wakimwonea wivu wakaanza kucheka chini chini.

Nilimwita pembeni, nikamuuliza aliona nini, alipima kreti zipi na kwa nini. Akasema zile zilizokuwa karibu na mlango wa gari, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Nikamuuliza angefanyaje mara nyingine. Yeye ndiye aliyesema tupime kreti moja ya juu, moja ya kati na moja ya chini, hata kama foleni imefika barabarani. Ndiyo sheria yetu hadi leo, na yeye ndiye anayewafundisha wageni.

Kuhusu mshahara, nilikwenda kwa wakubwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Wasimamizi wengi hawajawahi kufungua kifungu cha 28. Huwezi kumkata mtu fidia ya hasara kwa hasira tu: lazima kosa liwe lake kweli, umweleze kwa maandishi sababu na kiasi, umpe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Tulipopitia hayo, ilionekana wazi kwamba utaratibu wetu haukumwambia apime kreti za chini. Hakukatwa. Angekatwa, kuanzia kesho yake kila gari lingenisubiri mimi, na wangekuwa na haki.

Kuna jambo la malezi pia. Wengi wetu tumekua tukijua kwamba mkubwa habishiwi. Ukimaliza maelezo ukauliza “mmeelewa?”, utajibiwa “ndiyo, mzee” na watu wote, pamoja na ambaye hajasikia neno. Mimi huuliza: “Kesho ukifika, utaanza na nini?” Na kwenye kikao nasema mwisho, nikianzia kuwasikiliza walio wadogo. Nikitangulia mimi, kikao kimekwisha.

Tahadhari moja nzito. Kumwongezea mtu maamuzi bila kumwongezea kitu ni kumtwisha zigo la bosi kwa mshahara wa kibarua. Kama hakuna nyongeza, mwambie wazi kwamba hakuna, mwambie ni lini suala lake litapelekwa juu, kisha kweli ulipeleke. Watu huvumilia mengi ila si kudanganywa kuhusu hela.

Na si kila mtu anataka. Mzee wetu wa getini nilimwomba awe kiongozi wa zamu, maana anaheshimika na wakulima wote; anawasalimia kwa Kigogo, “mbukwenyi”, na kuwauliza habari za watoto wao. Akanijibu, “Mwanangu, niache na geti langu.” Sikumlazimisha. Nikamuuliza getini kwake angependa kuamua nini. Akafikiri kidogo, akasema: foleni. Yeye ndiye anayejua nani ametoka mbali, nani zabibu zake zimeanza kuvuja, nani ni mjanja anayesukuma gari lake mbele. Tukakubaliana foleni ni yake.

Wiki hiyo hiyo likaja gari la ndugu wa mkurugenzi, likawekwa la tisa. Mkurugenzi akanipigia simu kuuliza kulikoni. Nikamwambia foleni ni ya mzee, namba yake nakutumia.

Hakumpigia.