Shangazi, gari la marehemu baba linataka kutugombanisha

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, niko Moshi, nina mke na watoto wawili. Baba alifariki mwaka juzi akaacha Datsun 240Z ambayo imekaa chini ya mparachichi nyuma ya nyumba tangu 1994. Nataka kuifufua, nimeshachukua milioni nane Saccos za kuanzia. Kaka yangu kapata mtu wa chuma chakavu anatoa milioni moja na laki mbili na anataka jibu wiki hii. Mke wangu anasema hela yoyote tuliyonayo ni ya kupaua nyumba. Ila mama ndo kanimaliza, nilipomwambia alinijibu 'lile gari lilikula ujana wangu, liondoeni' akaingia ndani. Nifanyeje? Mtoto wa Mzee wa Datsun."

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Barua yako nimeikata maana ulinieleza habari za rangi na rimu na kabureta karibu ukurasa mzima, halafu maneno ya mama yako ukayapa mstari mmoja tu. Mimi naanzia kwenye huo mstari.

Mama mtu mzima hasemi gari limekula ujana wake kwa sababu linachafua uwanja. Kuna jambo hapo. Labda hela ya kulinunulia ilitoka kwenye kahawa ambayo yeye ndo alikuwa anaipalilia na kuichuma, labda kila Pasaka mzee alikuwa anaondoka kufuata Safari Rally anarudi mfuko mtupu na ada za shule zinasubiri, labda kiti cha pembeni kilikuwa na abiria ambaye si yeye, na gari lenyewe kama unavyojua lina viti viwili tu. Usikisie wala usimuulize kaka yako. Nenda kakae na bi mkubwa, bila kaka, bila mke, bila hoja zako za kumshawishi, mwambie tu mama nimesikia ulichosema, niambie ilikuwaje. Halafu nyamaza. Akikuambia leo sitaki, mpe muda, rudi tena siku nyingine na ndizi zako na usiligusie gari mpaka alitaje mwenyewe.

Maana wewe kwako lile gari ni baba. Ulikuwa mdogo, ukabebwa, ukasikia mlio wa ile injini, ukajiona mfalme. Mama yako alikuwa upande mwingine wa hiyo furaha. Ukilifufua palepale nyuma ya dirisha la jikoni kwake, kila asubuhi nyundo na grenda, utakuwa unamtonesha kidonda na yeye atakuwa anakupikia chai huku anakuchukia kimyakimya. Kwa hiyo hata akikubali, lihamishwe, kazi ifanyike gereji.

Na kingine ambacho naona wote mmeruka: hilo gari si lako. Si la kaka pia. Ni mali ya marehemu, na kama hamjafungua mirathi na mahakama haijamteua msimamizi, hakuna mwenye haki ya kuuza wala kulitia milioni nane. Tuseme umelitengeneza likang'aa halafu kaka anakumbuka kuwa naye ni mtoto wa mzee, utafanyaje? Tafuteni kwanza kadi ya gari, mara nyingi iko kwenye lile begi la vyeti ambalo mama peke yake anajua liliko (unaona sasa kwa nini nasema anza na mama). Mkae kikao cha ukoo, msimamizi apatikane, mkubaliane gari linaenda kwa nani na wengine wanafidiwa nini, iandikwe, ndipo mwende TRA kubadilisha umiliki.

Huyo mtu wa chuma chakavu, kwa nini ana haraka? Nakuambia kwa nini. Datsun 240Z si mkebe. Zilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1969 mpaka 1973, na ndo iliyoshinda Safari mwaka 1971 na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, yule aliyezaliwa Uganda, ndo maana wazee wa umri wa baba yako walikuwa wanaiota. Kule Marekani moja iliuzwa dola 310,000 mwaka 2020. Ila usianze kupiga hesabu bana, ile ilikuwa haijatembea sana na imetunzwa kama yai, yako imekaa miaka thelathini inanyeshewa na kudondokewa na maparachichi. Ninachosema ni kwamba hata kama mtaamua kuuza, msiuze kwa bei ya kilo.

Haya, twende kwenye gari, maana mume wangu ni fundi na nilimsomea barua yako akaacha kula. Anasema usithubutu kufunga betri na kupiga stata kwa hamu ya kusikia sauti. Petroli ya 1994 imeshakuwa gundi, tenki lishushwe lioshwe, toa plagi zote sita, mimina oili kidogo kila silinda, iache siku kadhaa, halafu zungusha injini kwa mkono na spana taratibu. Ikizunguka, umepona. Hiyo injini, L24, cc 2393, anasema ni ngumu sana na vali zake zinaendeshwa na cheni, haina mkanda wa kukatika, fundi mzoefu wa Nissan za zamani ataielewa, maana Datsun ni Nissan hizohizo. Breki zote, masta silinda (pampu ya breki) na mipira yake, hesabu kuwa ni mbovu hata kama zinaonekana nzima.

Ila anasema kinachoua hizi gari ni kutu. Halina chesisi ya peke yake kama pikapu, bodi ndo chesisi, kwa hiyo bodi ikioza gari limeoza. Chukua bisibisi ulale chini uchome: sakafu, vyuma vya chini ya milango, chini ya betri, upinde wa matairi ya nyuma. Kama bisibisi inazama kila mahali, milioni nane yako haitoshi hata kuchomelea, na vipande vingi utaagiza nje kwa dola. Na fundi atakayekuambia ataziba kwa puti apige rangi juu, mkimbie.

Kuchoma bisibisi ni bure. Fanya hiyo kabla hujagusa hela ya Saccos, mama akishakuruhusu.

Kuhusu mkeo sina mengi, yuko sahihi. Watoto wanahitaji bati. Mkopo umechukua bila kumshirikisha na anaujua au bado? Kama bado, mwambie leo. Paueni nyumba kwanza, gari likae sehemu kavu, halafu mpange wote wawili kiasi cha kila mwezi kisichoumiza, hata ikichukua miaka mitano.

Kaka yako mwambie amjibu yule mtu kwamba mirathi bado, akitaka asubiri. Na ukishaongea na bi mkubwa niandikie tena, mume wangu kasema utume picha, ila za chini ya gari, za juu hazitaki.