Ndege wahamiaji wa ufukweni: wahesabu maji yakijaa, si yakipwa

Je, uwahesabu maji yakipwa, wanapoonekana kwa urahisi? Hapana, wakati huo utawaona wengi, ila hesabu haitakuwa sahihi. Wanatawanyika kwenye tope kutafuta chakula, wanahamahama, na unawahesabu mara mbili bila kujua. Anza muda wa saa mbili hivi kabla maji hayajajaa kabisa: tope linapofunikwa wanasukumwa kukaa pamoja kwenye kipande cha mchanga kilichobaki. Siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) hapa Dar maji hujaa mnamo saa 10 jioni, basi pale daraja la Salender jua linakuwa mgongoni mwako na rangi za miguu na midomo zinaonekana vizuri. Bamvua kubwa mno nayo ina shida, mchanga wote unazama na kundi linahamia kwingine.

Kundi kubwa usihesabu mmojammoja. Hesabu 10, shika ukubwa wa fungu hilo kwa jicho, kisha lipime kundi zima kwa mafungu hayo. Likiruka, andika saa na upande lilikoelekea.

Wengi huingia Septemba hadi Novemba. Ukimwona sululu (mmoja wa ndege hawa, mwenye mdomo mrefu) Julai usimwandike kama mgeni aliyewahi. Wadogo wa mwaka wa kwanza mara nyingi hawarudi kaskazini, hubaki huku.